FUNDI WA BAISKELI WA MURURU: HISTORIA FUPI YA GURUDUMU LILILOTUBEBA



Katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni, Kamati imewaomba waandishi waeleze historia ya mambo yaliyotusaidia kuishi. Wengine wameandika juu ya shule, wengine juu ya maji. Mimi nimechagua baiskeli, na hasa yule mtu anayeitengeneza kando ya barabara ya Mururu, mwenye beseni la maji, pampu na sanduku la spana. Huenda mtu akacheka na kusema hilo ni jambo dogo. Lakini aliyepata kuvuka mpaka akisukuma baiskeli iliyombeba mama yake mgonjwa juu ya keria, huyo hatacheka.

1. MAHALI PENYEWE

Mururu ni sekta ya Wilaya ya Rusizi, katika sehemu ambayo hadi mwaka 2006 iliitwa Mkoa wa Cyangugu. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu, lililo takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ukateremka mpaka Ziwa Tanganyika, lililo takriban mita 770. Mteremko huo ndio uliowavuta wajenzi wa mabwawa ya umeme: Rusizi ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Rusizi ya pili iliyoanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya nchi tatu, yaani Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati ule.

Mteremko unaozungusha mitambo ya umeme ndio huohuo unaomaliza breki za baiskeli. Mtu anayeshuka kuelekea bonde la Bugarama akiwa na mzigo wa kilo hamsini hutegemea vipande vichache vya mpira vyenye ukubwa wa kidole gumba. Vikiisha, hana kingine ila soli za viatu vyake. Kwa hiyo katika nchi hii ya milima fundi wa baiskeli analinda uhai wa watu.

2. MPIRA ULITOKA KWETU

Baiskeli tunayoijua leo, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo unaozungusha la nyuma, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1885, kazi ya John Kemp Starley. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akikaa Belfast, alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa tairi la kujazwa upepo. Tangu hapo watu wa Ulaya na Marekani walizipenda mno baiskeli, na viwanda vikalia njaa ya mpira.

Mpira huo ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika misitu ya Kongo, nchi ambayo tangu mwaka 1885 ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Wanakijiji walipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta. Walioshindwa walipigwa viboko, wake zao wakashikwa mateka, na wengine wakakatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 ilieleza mambo hayo kwa serikali ya Uingereza, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi nchi hiyo kwa dola ya Ubelgiji.

Hivyo wengi wa babu zetu walililipia tairi kabla hawajaiona baiskeli. Kijana anayeketi leo kando ya barabara akibandika kiraka ajue kwamba kile anachokishika mkononi kina historia, na kwamba kukitunza si jambo la aibu.

3. BAISKELI YAWA YETU

Baadaye baiskeli zilitufikia. Zilikuja Raleigh za Nottingham, halafu Hero za Ludhiana, India, na Phoenix za Shanghai, China. Zote zilifanana: chuma kizito, breki za vyuma virefu, kiti cha springi na keria imara. Zilitengenezwa kwa ajili ya kumpeleka mtu kazini, sisi tukazifanya gari la mizigo. Tulipakia ndizi, mkaa, magunia ya mchele, makreti ya bia, na hata kitanda cha bibi harusi. Wenyeji wetu wa Rwanda huiita igare. Ndugu waliotoka Katanga huiita kinga, wengine velo. Majina ni mengi, mzigo ni uleule.

Kila mpaka uliongeza ujuzi wake. Huko Busia, baina ya Kenya na Uganda, vijana walianza miaka ya 1960 kuwavusha wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka mpaka kingine, na ndiko lilikozaliwa jina la boda-boda. Huko Goma watu walichonga chukudu, gari la mbao lenye magurudumu mawili lisilo na pedali, na mwaka 2009 mji ukamjengea mwendesha chukudu sanamu kubwa. Rwanda nayo ilianzisha mashindano ya kuizunguka nchi mwaka 1988. Adrien Niyonshuti akaendesha baiskeli katika Olimpiki za London mwaka 2012, na Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo hayakuwahi kufanyika Afrika kabla ya hapo. Nyuma ya kila mshindi kuna fundi ambaye jina lake halisomwi redioni.

4. MIAKA YA KUKIMBIA

Hapana budi kusema pia juu ya miaka ya uchungu. Mwezi Julai 1994 umati mkubwa ulivuka Rusizi kuelekea Bukavu. Mwishoni mwa Oktoba 1996, vita vilipofika Bukavu, watu walikimbia kila upande. Mwanzoni mwa Juni 2004 maelfu ya Wakongo walivuka kuja Cyangugu. Februari 2025 mji uleule ukabadilisha tena mikono. Yaani mto huu umevukwa kwa kukimbia, huku na huko, na watu ambao jana walikuwa wenyeji na kesho yake wakawa wageni. Anayetupokea leo huenda naye alipokewa zamani, na hilo tusilisahau.

Katika safari hizo gari lilikuwa la wachache. Wengi walikwenda kwa miguu, na mwenye baiskeli aliisukuma tu, maana juu yake kulikuwa na mkeka, sufuria, debe la mafuta na mtoto. Tairi lilipopasuka, mtu alilijaza majani makavu na kuendelea. Baiskeli ilikuwa nyumba ya mwisho iliyobaki.

5. KISA CHA GHALANI

Sasa nieleze jambo nililolishuhudia mwenyewe. Mwaka mmoja shirika fulani lilitupatia baiskeli kwa ajili ya wahamasishaji wa afya. Tulishukuru kwa moyo wote. Zilikuwa nyepesi, zenye gia nyingi. Baada ya msimu mmoja wa mvua zikaanza kusimama moja baada ya nyingine: hapa waya wa breki umekatika, pale kifaa cha kubadilishia gia kimepinda. Vipuri vyake havikupatikana katika maduka ya karibu. Tuliandika barua ya kuomba vingine. Jibu lilisema tusubiri bajeti. Tukazifungia ghalani.

Usiku mmoja mama mjamzito alishikwa na uchungu. Mhamasishaji aliyetakiwa kukimbilia kituo cha afya kuita gari la wagonjwa alikwenda kwa miguu gizani, na vijana wakambeba mama kwa machela njia nzima. Mungu alisaidia, mtoto akazaliwa salama. Lakini wale vijana walipita mbele ya ghala, wakijua ndani yake mna baiskeli zilizokufa kwa kukosa waya mmoja.

Kesho yake tulizipeleka kwa fundi wa Mururu. Alizitazama, akacheka kidogo, akasema, "Mzee, mngeniletea mapema." Aliondoa gia zote, akafupisha mnyororo ukabaki na mwendo mmoja, akafunga breki za Phoenix iliyochakaa. Hazikuwa nzuri tena kama kwenye picha, lakini zilitembea. Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tumeanza kuomba matofali.

6. TUFANYE NINI?

Kwa wakaaji wa kambi. Baiskeli haifi siku moja. Mnyororo mkavu hula meno ya gurudumu, kwa hiyo ufutwe vumbi na kutiwa mafuta kidogo baada ya mvua. Gololi za ekseli zipakwe grisi kabla hazijaanza kulia. Spoku moja ikikatika isiachwe, kwani huziongezea mzigo nyingine nazo zikafuata. Pini ya pedali ikilegea ikazwe siku hiyohiyo, kwa sababu ikicheza hutoboa chuma chake na gharama ikawa mara kumi. Anayenunua baiskeli iliyotumika aigeuze juu chini, azungushe magurudumu atazame kama yanayumba, akague maungio ya fremu kama yana ufa, na aulize imetoka wapi. Baiskeli ya wizi ina bei ndogo leo na kesi kubwa kesho. Tena tupatane bei kabla spana haijagusa nati, na tulipe tulichopatana. Ugomvi mwingi baina yetu na wenyeji huanza kwa shilingi au faranga zisizosemwa wazi.

Kwa watumishi wa mashirika. Tunaomba kwa heshima kwamba mnapoandika bajeti ya baiskeli, mwandike pia bajeti ya fundi. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya mawimbi ya tsunami huko Asia, lilipoingia Zambia lilipeleka baiskeli imara za aina moja pamoja na mafunzo kwa mafundi wa vijijini na njia ya kupata vipuri. Huo ni mfano wa kufuata. Baiskeli ya kawaida ambayo vipuri vyake viko Kamembe ni bora kuliko ya fahari ambayo vipuri vyake viko ng'ambo ya bahari.

Aidha, fedha inayolipwa kwa fundi wa Mururu inabaki Mururu. Inanunua maharage ya mama anayeuza jirani naye, inalipa daftari za mtoto wake anayesoma darasa moja na wa kwetu. Mwenyeji akiona kambi inamletea kazi, hatasema kambi inamletea hasara tu.

Kwa vijana. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 1980, unagusa katika ibara ya 18 haki ya mkimbizi aliyemo nchini kwa halali kujiajiri katika kilimo, ufundi na biashara. Sheria ni mlango, nao haupitwi na mtu mwenye mikono mitupu. Kamati inapendekeza vijana wachache wakae na mafundi wa nje ya kambi kama wanafunzi wa kazi, na vijana wa wenyeji wakaribishwe tunapopata mafunzo ndani ya kambi. Siku ya kurudi nyumbani ikifika, au siku ya kupelekwa nchi ya mbali, nyumba itabaki hapa, lakini ufundi utaondoka na mwenyewe.

Ndugu wasomaji, katika ukumbusho huu tutataja majina ya waliofariki njiani na kuwashukuru waliotupokea. Nawaombeni tumkumbuke pia yule fundi aliyemzibia tairi mtu asiyemjua na kumwambia, "Nenda, utalipa ukirudi." Wapo wengi waliofanyiwa hivyo ambao hawakupata nafasi ya kurudi. Sisi tulio jirani naye bado tuna nafasi. Deni hilo tulilipe kwa kumpelekea kazi, na kwa kumlipa vizuri.