Moshi wa Jikoni Kilimanjaro na Mashaka ya Vihisi vya Bei Nafuu

Katika nyumba ya kale ya Kichagga watu na ng'ombe walikaa chini ya paa moja, na moto uliwaka ndani pasipo dohani. Moshi haukuwa adui; ulikausha kuni. Kuupima ni jambo la juzi. Hapo awali hewa ilivutwa kwa pampu kupitia chujio, na chujio likapimwa uzito kabla na baada, kazi ghali ya maabara. Vihisi vinavyouzwa leo havipimi uzito: humulika chembe kwa leza, husoma mwanga uliotawanyika, kisha hukadiria mikrogramu.

Makadirio hayo hupotoka kwa njia mbili. Moshi mzito wa mafiga huzidi uwezo wa kihisi, nacho husoma pungufu. Unyevu wa masika, Machi hadi Mei, huvimbisha chembe, nacho husoma zaidi. Basi jiko banifu likiingizwa Machame mwezi Aprili, hupunjwa mara mbili: mafiga yamesifiwa, lenyewe limelaumiwa kwa sababu ya mvua. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilipendekeza wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Kwa maoni yangu, kihisi kisicholinganishwa na chujio katika jiko lilelile, masika na kiangazi, hakiwezi kutoa hukumu hiyo.