Mji na Joho: Kuuzunguka Oxford kwa Baiskeli

Wapo wasafiri wausomao mji kwa miguu, na wapo wausomao kwa gari. Lakini uko mji mmoja katika Uingereza ambao wafaa sana kusomwa kwa baiskeli, nao ni Oxford. Katikati yake ni tambarare, majumba yake ya kale yamekaribiana, na mzunguko tutakaoufuata hapa haufiki kilometa tano. Hata mtu aliyeacha kupanda baiskeli tangu ujana wake ataumaliza bila kutweta. Nimeuchagua si kwa urahisi wake tu, bali kwa kuwa ndani yake mna somo litupasalo sisi waalimu wa Kiswahili: habari ya ugomvi na upatano baina ya wenye elimu na wenye mji.

Jina la Oxford lina maana ya kivuko cha maksai. Habari za ufundishaji mahali hapo zajulikana tangu mwaka 1096, na wanafunzi waliongezeka upesi baada ya 1167, Mfalme Henry II alipowazuia Waingereza wasiende kusoma Paris.

Tuanzie penye mnara wa Carfax. Neno hili latokana na Kilatini, na maana yake ni njia yenye pande nne. Sisi twasema njia panda. Hapo palikuwa na kilabu cha mvinyo. Tarehe 10 Februari 1355, wanafunzi wawili waliukataa mvinyo walioletewa wakisema ni mbaya, wakamrushia mwenye kilabu. Kengele ya kanisa la mji ikalia kuwaita wenyeji, na ya kanisa la Chuo Kikuu ikalia kuwaita wanafunzi. Vita vikaendelea siku tatu. Yahesabiwa kuwa wanachuo 63 waliuawa, na wenyeji yapata 30.

Mfalme Edward III aliamua kwa upande wa Chuo. Wakuu wa Chuo wakapewa mamlaka juu ya bei ya mkate na pombe, na juu ya mizani ya sokoni. Tena Meya na wazee wa mji wakaamriwa kwenda kanisani kila mwaka kutoa peni moja kwa kila mwanachuo aliyeuawa. Fedheha hiyo ilidumu mpaka 1825, Meya mmoja alipokataa. Upatano rasmi ulifanyika 1955, baada ya miaka 600. Msomaji na apime mwenyewe: kikombe kimoja cha mvinyo, karne sita za kinyongo.

Sasa tushuke mashariki kwa High Street, tukishika upande wa kushoto kama tufanyavyo kwetu. Njia yateremka taratibu, wala haidai nguvu. Twalipita kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo kengele yake tumekwisha kuitaja. Katika barabara hii palikuwa na duka la kijana aitwaye William Morris. Kijana huyu hakuingia chuo chochote. Mwaka 1893, akiwa na miaka 16 na mtaji wa pauni 4, alianza kutengeneza baiskeli nyumbani kwa wazazi wake. Kutoka kutengeneza akaingia kuunda, na kutoka baiskeli akaingia motokaa. Karakana yake ya magari ilikuwa Longwall Street, ndiyo njia tutakayokata kushoto sasa, na mwaka 1913 akaanza kuuza gari lililoitwa Morris Oxford. Tutakutana naye tena kabla ya kumaliza.

Kwa Holywell Street twafika Broad Street, penye maktaba ya Bodleian iliyofunguliwa 1602. Mbele kidogo, katikati ya barabara, mna msalaba wa mawe. Hapo ndipo walipochomwa moto maaskofu Latimer na Ridley mwaka 1555, na Askofu Mkuu Cranmer mwaka 1556, kwa sababu ya imani yao. Kumbe mahali pa elimu pia paweza kuwa mahali pa ukatili.

Tupinde kuelekea Walton Street. Hapa pana chuo cha Somerville, kilichoanzishwa 1879 kwa ajili ya wanawake. Lakini Chuo Kikuu hakikuwapa wanawake shahada mpaka 1920. Karibu nacho pana makao ya Oxford University Press, yaliyohamia hapa 1830. Mwalimu wa Kiswahili asimamishe baiskeli yake. Shirika hili ndilo lililotoa, mwaka 1939, ile kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotokana na kazi ya Frederick Johnson na Kamati ya Lugha. Ndilo pia lililotoa tafsiri za Mwalimu Nyerere za tamthilia za Shakespeare. Basi mji huu tulikwisha kuubeba mikobani mwetu kabla ya kuuona.

Na Mganda mmoja aliuona kwa uchungu. Okot p'Bitek alisoma elimu ya jamii za watu huko Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye aliandika jinsi alivyoudhika kuwasikia wahadhiri wakiwaita watu wa Afrika washenzi. Ukuta wa joho na mji ulikuwa na ndugu yake: ukuta wa mtaalamu na mtu anayechunguzwa.

Turudi kusini mpaka ngome iliyojengwa 1071. Mkabala nayo ni chuo cha Nuffield, kilichoanzishwa 1937 kwa fedha za yule fundi wa baiskeli, ambaye sasa alikuwa Bwana Nuffield. Mtoto wa mji ndiye aliyewajengea wenye majoho! Kutoka hapo Carfax ni hatua chache. Njia ikijaa watu, tushuke tuisukume baiskeli.

Somo letu ni nini? Katika Uganda, Kiswahili kilidharauliwa kwa muda mrefu na wasomi, wakikiita lugha ya askari na ya sokoni. Kwenye mpaka wa Busia waendesha baiskeli walikitumia kila siku, wakalizaa neno bodaboda, huku shule zikifumba masikio. Mwaka 2005 Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili. Lakini sheria peke yake haifundishi. Mkono mmoja haulei mwana. Mwalimu anayewadharau wenye mji kwa lafudhi yao anaipiga tena kengele ya 1355. Afadhali awapeleke wanafunzi wake kwa fundi wa baiskeli aliye karibu na shule, wayaandike majina ya vyuma vyote, kuanzia usukani mpaka mnyororo. Watarudi na msamiati, na yule fundi atajua kwamba shule ile ni yake pia.