Kabla ya "tuma CV": watu waliowatafutia wenzao kazi Bongo

Ukienda Muhimbili kumwona mgonjwa, kuna siku utaambiwa yuko Sewahaji. Unapanda, unauliza wodi, unamwachia juisi yake, unasepa. Wachache sana wanaouliza huyo Sewahaji alikuwa nani. Daktari? Wapi. Alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, na jina lake lilikua kwa kazi ambayo leo inafanywa na wakala wa ajira: kumtafutia mwenye safari watu wa kumbebea mizigo.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 kwenye familia ya Kihindi. Mwanzoni mwa 1871 Henry Morton Stanley akatua Bagamoyo na marundo ya vitambaa, shanga na nyaya, anakwenda bara kumsaka Livingstone. Mzigo upo, wa kuubeba hawatoshi. Akaelekezwa kwa kijana wa miaka kama 20. Wiki zikakatika wakivutana bei. Kwenye kitabu chake cha 1872 Stanley anamlalamikia dogo huyo kwa ujanja, na inawezekana kabisa alipigwa. Lakini wapagazi walipatikana. Msafara uligawanywa makundi matano, la mwisho likaondoka Machi, na jumla yao walikuwa watu 192.

Swali ni kwa nini Stanley, mwenye hela na bunduki, hakuweza kusimama tu sokoni akaita watu. Jibu liko kwa Wanyamwezi. Hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa njia ile. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakasubiri mzigo wa kurudi nao. Mzigo mmoja ulikuwa kilo 30 na ushee, begani, kwa miezi. Malipo yalikuwa vitambaa, na sehemu yake ilitolewa kabla ya safari. Sasa mgeni anampa mtu asiyemjua doti za merikani, halafu usiku anatoroka nazo, atamtafuta wapi? Na mpagazi naye atajuaje kwamba mzungu huyu hatamtelekeza Ugogo akiugua?

Hapo ndipo alipoingia mtu ambaye vitabu vya wasafiri vinampita haraka haraka: mnyampara. Huyu alikuwa kiongozi wa kikundi chake, mara nyingi watu wa kwao, ndugu na majirani. Alijua nani mgongo wake imara, nani anakohoa tangu juzi, nani mgomvi akinywa. Tajiri wa pwani alizungumza na wanyampara, wanyampara wakazungumza na watu wao. Mtu akitoroka, mnyampara ndiye aliyeulizwa. Mtu akifa njiani, mnyampara ndiye aliyerudi kijijini kumtazama mama wa marehemu usoni. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote, ila bila wao misafara mingi inayosifiwa ingeishia kupunga upepo wa bahari.

Neno lenyewe limeteremka cheo. Leo nyapara ni msimamizi wa saiti anayefoka, au mfungwa anayewasimamia wenzake gerezani. Haikushuka bure lakini. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na biashara ya mabega ikafa. Ikaja vita, na serikali zikaanza kukusanya wabebaji kwa nguvu. Kariakoo unayokwenda kununua simu na mitumba ina jina la kikosi cha wabebaji wa Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi pale baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Aliyeandikisha watu wakati huo hakuhitaji kuaminiwa na mtu. Alikuwa na askari nyuma yake.

Mashamba ya mkonge yakaendeleza. Wafanyakazi walitolewa mbali, Kigoma, Songea, hadi Ruanda-Urundi, wakapewa namba, ndipo wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, yenye kambi na usafiri wa kuwafikisha. Ilikuwa mfumo mzima, umepangika kuliko kampuni nyingi za leo, ila uliwajibika kwa mwenye shamba tu. Manamba akikwama, kadi yake ya kipande haikuwa na sehemu ya kulalamikia.

Dar nako kulikuwa na geti. Kibarua, kwa asili yake, ni barua ndogo tu, kile kikaratasi alichoshika mtu wa kazi ya siku. Bandarini waliamka alfajiri, wakasongamana wachaguliwe, na asiyechaguliwa alirudi uswahilini na njaa yake. Septemba 1947 makuli waligoma, mgomo ukapanda na reli hadi bara, na mishahara ikapanda.

Sewa Haji alikufa 1897. Aliacha mali kwa ajili ya hospitali na wenye ukoma, na shule yake ya Bagamoyo aliitoa kwa sharti kwamba isomeshe watoto wa rangi zote. Pesa za jasho la wapagazi, atasema mtu, na hatakosea. Ila matajiri waliochuma njia ileile wasiache hata benchi ni wengi.

Siku hizi dhamana ile ndiyo adimu. Kuna "wakala" anayetaka hela ya fomu kwanza, halafu laini inazimwa. Kuna waliowapeleka mabinti Oman kufanya kazi za ndani. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu Watanzania kama hao, walionyang'anywa pasipoti na kunyimwa mishahara huko Oman na Emirates. Wengine waliowapeleka hawakupokea tena simu zao.

Lakini nenda Mbagala, Tandika, Manzese, uliza wamama wanaotafutia watu wadada wa kazi. Watu wanawaita madalali kwa dharau, halafu dada akiondoka Jumapili, Jumatatu wanampigia huyohuyo. Walio makini kati yao wanajua kwao binti ni wapi na baba yake anaitwa nani. Akiacha kazi mapema, wanatafuta mwingine bila kudai hela upya. Na kabla hawajasema ndiyo, kuna swali wanamuuliza bosi, ambalo mabosi wengi linawaudhi: huyu mtoto atalala wapi?