Alama ya Chai na Matamshi Yake

Miongoni mwetu ipo dhana kwamba alama ya maandishi ya Kichina ni picha, na kwamba mwenye kuitazama kwa makini ataiona maana yake. Alama 茶, isomwayo chá katika Kichina cha Beijing, na ambayo neno lake ndilo asili ya chai yetu, aghalabu hutolewa kuwa mfano: juu majani, katikati mtu, chini mti. Maelezo haya yanapendeza, lakini historia inayakanusha.

Alama hii ilitokana na nyingine, 荼, iliyokuwa jina la mboga chungu katika Shijing, diwani kongwe ya mashairi ya Kichina. Sehemu ya juu yaonyesha jamii ya mimea. Iliyobaki si mtu wala mti, bali ni alama 余, iliyowekwa ili kudokeza sauti. Kwa muda mrefu 荼 ilitumika kwa mboga na kwa chai pia, mpaka kistari kimoja kilipoondolewa ili kuyatenga mambo hayo mawili. Jambo hili lilitukia lini? Mwanachuoni Gu Yanwu (1613–1682) hakutegemea vitabu, ambavyo wanakili huvibadilisha, bali alisoma mawe. Katika mlima Tai aliona maandishi ya mwaka 779 na 798 yenye umbo la kale, akayalinganisha na mawe ya 841 na 855, ambamo kistari kimekwisha kupunguzwa. Ni hoja fupi, nasi bado hatujaona iliyo bora kuliko hiyo.

Matamshi yana mengi zaidi. Katika Kichina cha enzi ya Tang (618–907) neno hili lilianza kwa kipasuo, sauti ya jamii ya d iliyotamkwa kwa ncha ya ulimi iliyokunjwa nyuma. Katika lahaja nyingi kipasuo hicho kiligeuka kuwa ch. Lahaja za Min katika jimbo la Fujian hazikufuata: huko Xiamen chai ni te, kama vile mwanzi ni tik pale ambapo Beijing husema zhu.

Kikorea kinayo matamshi yote mawili. Da, iliyohifadhi kipasuo cha kale, husikika katika dabang, yaani mkahawa wa chai. Lakini chai ya kijani ni nokcha. Alfabeti ya Hangul ilitangazwa mwaka 1446, na leo Wakorea huandika karibu kila kitu bila alama za Kichina. Hata hivyo matabaka hayo mawili yangali vinywani mwao. Wajapani husema cha, ila mkahawa wao ni kissaten. Hiyo sa ni ya tabaka la baadaye, linalohusishwa hasa na watawa wa Zen. Mmoja wao, Eisai, aliyerejea kutoka China mwaka 1191, aliandika Kissa Yōjōki, kitabu kuhusu chai na afya, mwaka 1211. Kivietnam kina trà na chè, na chè imepanuka hata ikawa jina la kitindamlo cha kunde na sukari, jambo ambalo halitamshangaza Mkenya aliyewahi kuombwa chai na mtu asiye na kiu.

Waholanzi waliichukua te ya Min katika karne ya 17, na kwa njia yao ikawafikia Waingereza, Wafaransa na Wajerumani. Wareno, waliokuwa Makau, walichukua cha. Neno letu si la hao wala la hawa, kwani irabu yake ya mwisho yaelekeza kwenye chai ya Kiajemi na Kihindi. Naye atakayeandika kwamba asili yake ni Kiarabu, bila kuongeza neno, hana budi kuieleza konsonanti: Kiarabu sanifu hakina ch, nacho husema shai. Ikiwa neno lilipitia kwa Waarabu, basi yafaa kutazama kwanza zile lahaja za Ghuba zenye ch, ambazo wasemaji wake wametenganishwa na Waajemi kwa maji membamba tu.