Mkate, Tonge na Riziki: Mlo wa Nyakati za Biblia

Mkazi wa Lilongwe akisikia neno mkate hufikiria kitu cha dukani, cha kunywea chai. Msomaji wa Biblia akibaki na picha hiyo hatauelewa mlo wa Wayahudi wa kale. Kwao mkate ndio uliokuwa chakula chenyewe, kama nsima kwa Wamalawi, au bugali kwa Wakongomani wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa wilayani Dowa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza. Neno la Kiebrania lehem lina maana ya mkate, na pia chakula kwa jumla.

Watu wa kawaida walikula milo miwili kwa siku, mkubwa ukiwa wa jioni baada ya kazi. Maskini walikula mkate wa shayiri, kwani ngano ilikuwa ghali. Kitoweo kilikuwa dengu, vitunguu, zeituni, au samaki wa Galilaya waliokaushwa kwa chumvi (mla usipa hahitaji kuelezwa zaidi). Nyama ilingoja sikukuu au mgeni.

Mlaji alimega mkate kwa mkono, akachovya katika bakuli la wote. Hapa wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 walifanya jambo zuri: kipande ambacho Yesu alimpa Yuda wamekiita tonge. Neno hilo tumezoea kulisikia kwenye ugali na wali, lakini linamweka msomaji kwenye sahani moja na msaliti, na huo ndio uchungu wa kisa. Katika Sala ya Bwana walithubutu zaidi, wakaandika riziki. Kichewa husema chakudya, yaani chakula. Wakatoliki wa Kiswahili wameshikilia mkate. Kwa maoni yangu riziki inashinda, maana inabeba pia mahangaiko ya kuipata.

Na mahangaiko yalianzia kwenye jiwe. Wanawake walisaga nafaka karibu kila siku, tena alfajiri. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati, 24:6, inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani: ni sawa na kuchukua uhai wa mtu. Aliyewahi kupokea mgawo wa mahindi ya punje anaielewa sheria hiyo bila mwalimu. Mahindi yamo ndani, lakini asipokuwa na pesa ya chigayo itambidi auze sehemu yake ili asage yaliyobaki.