Mimbari na Ikulu: Jinsi sauti ya kanisa ilivyopanda na kushuka nchini Kenya

MNAMO Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kuwa lingerudisha fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa moja mtaani Soweto, Embakasi. Zilikuwa Sh2.6 milioni, sehemu yake ikiwa ya kwaya na sehemu kubwa zaidi ya ujenzi wa nyumba ya mapadri. Siku chache kabla ya hapo, maaskofu wa Kanisa Katoliki walikuwa wameishutumu serikali hadharani kwa ahadi zisizotimizwa na kwa kutosema ukweli.

Kwa kijana aliyezaliwa baada ya mwaka wa 2000, hatua hiyo ilikuwa kioja. Amekua akiwaona wanasiasa wakipanda madhabahuni kila Jumapili, bahasha mkononi na kamera nyuma yao. Wazee wake, hata hivyo, wanakumbuka enzi ambapo mchungaji aliyesimama mbele ya waumini alikuwa miongoni mwa watu wachache mno waliothubutu kuikosoa serikali.

Uzito wa kanisa katika mijadala ya umma hautokani na idadi pekee, ingawa idadi yenyewe si haba. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Wakristo ni takribani asilimia 85 ya Wakenya. Makanisa ndiyo yaliyoanzisha shule nyingi za zamani, na mengi yangali wafadhili wa shule hizo hata baada ya serikali kuchukua usimamizi kufuatia Sheria ya Elimu ya 1968. Yana hospitali na zahanati hadi mashambani. Zaidi ya hayo, wakati wa utawala wa chama kimoja, mkutano wa watu wengi ambao haukuhitaji leseni ya mkuu wa wilaya ulikuwa ibada.

Hali hiyo ilidhihirika mwaka wa 1986, KANU ilipoidhinisha upigaji kura wa mlolongo. Wapiga kura walitakiwa kupanga foleni nyuma ya wakala aliyebeba picha ya mwaniaji wao, huku jirani, chifu na mwajiri wakitazama. Wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa nchini Kenya (NCCK) walipinga. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mchungaji akipanga foleni mbele ya kondoo wake, atawahudumiaje kesho yake wale waliopanga foleni nyingine? Si makanisa yote yaliyokubaliana nao. Kanisa la AIC, ambalo Rais Daniel arap Moi alikuwa muumini wake, lilijiondoa katika baraza hilo.

Uchaguzi wa 1988 ulithibitisha hofu ya wachungaji. Mwaniaji aliyepata asilimia 70 katika mchujo alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila kupingwa, na wapo waliotangazwa washindi ilhali foleni zao zilikuwa fupi kuliko za wapinzani, jambo ambalo kila aliyekuwapo aliliona kwa macho yake. Jarida la Beyond, lililochapishwa na NCCK, lilieleza udanganyifu huo. Likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa jela.

Viongozi waliosimama kidete wakati huo walikuwa wachache, na majina yao hayajasahaulika. Henry Okullu, askofu wa Kiangilikana wa Maseno Kusini, alikuwa amehariri gazeti la makanisa la Target kabla ya kuwa askofu, na mwaka wa 1974 alichapisha kitabu kuhusu kanisa na siasa katika Afrika Mashariki. David Gitari, aliyekuwa askofu wa Mlima Kenya Mashariki, alikuwa na desturi ya kuchukua kisa cha Biblia na kukifafanua kwa namna ambayo mkuu wa wilaya aliyeketi kiti cha mbele alijitambua bila kutajwa. Aprili 1989 majambazi waliivamia nyumba yake usiku. Alinusurika kwa kupanda juu ya paa na kupiga mayowe, majirani wakaja.

Kasisi Timothy Njoya wa Kanisa la PCEA alihubiri siku ya Mwaka Mpya wa 1990 na kuuliza tawala za chama kimoja barani Afrika zingedumu hadi lini ilhali zile za Ulaya Mashariki zilikuwa zikiporomoka. Mawaziri walimkemea vikali. Miezi michache baadaye, kile alichokiuliza ndicho kilichokuwa kikidaiwa barabarani.

Askofu Alexander Muge wa Eldoret hakuyaona mabadiliko hayo. Mnamo Agosti 1990, waziri Peter Okondo aliwaonya yeye na Okullu kwamba wakithubutu kukanyaga Busia, huenda wasitoke wakiwa hai. Muge alikwenda. Akirejea Eldoret Agosti 14, gari lake liligongana na lori na akafariki papo hapo. Okondo alijiuzulu. Maswali kuhusu kifo hicho yangali yanaulizwa.

Desemba 1991 kifungu cha Katiba kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kiliondolewa. Mapigano ya kikabila yalipozuka Bonde la Ufa, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru aliwatetea waliofurushwa, na kuitaja serikali bila kumung'unya maneno. Mwishoni mwa 1999, Wakristo, Waislamu na Wahindu waliungana katika Ufungamano House, Nairobi, kudai Katiba iandikwe na wananchi wala si Bunge pekee. Huenda hicho ndicho kilikuwa kilele.

Mteremko ulianza baada ya KANU kushindwa katika uchaguzi wa 2002. Waliokuwa wakilaani dhuluma pamoja na viongozi wa kanisa sasa walikuwa serikalini, na kuwakosoa marafiki ni kazi ngumu kuliko kuwakosoa maadui. Kasisi Mutava Musyimi, aliyekuwa katibu mkuu wa NCCK kwa miaka mingi, alichaguliwa mbunge wa Gachoka mwaka wa 2007. Muungano wa Ufungamano nao ulikuwa umeathiriwa na mzozo kuhusu Mahakama za Kadhi, ambazo zilikuwa katika Katiba tangu uhuru na ambazo huamua masuala ya ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu.

Pigo kubwa zaidi lilikuja na uchaguzi wa Desemba 2007. Viongozi wa dini walikuwa wameegemea wawaniaji wa makabila yao, wengine wakiwaombea na kutabiri ushindi wao. Ghasia zilipozuka, zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata NCCK ilikiri kuwa viongozi wa makanisa walichukua upande, na ikaomba msamaha. Ni nadra kwa taasisi yoyote nchini kukiri hivyo, lakini imani iliyopotea haikurudi kwa tamko.

Hilo lilionekana Agosti 4, 2010. Makanisa mengi makubwa yaliwahimiza waumini kuikataa Katiba mpya kwa sababu ya Mahakama za Kadhi na kifungu kuhusu utoaji mimba. Iliidhinishwa kwa asilimia 67 ya kura. Katika nchi yenye Wakristo wengi kiasi hicho, hesabu hiyo ina maana moja tu: mamilioni ya waumini waliwasikiliza wachungaji wao, kisha wakapiga kura walivyotaka.

Tangu hapo vita vimekuwa juu ya bahasha. Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kiangilikana Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubu katika ibada ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu kamili katika kanisa hilo nchini. Katika maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, vijana waliwashutumu wachungaji kwa kunyamaza huku wakipokea michango. Julai mwaka huo Rais Ruto aliagiza itungwe sheria ya kuwazuia maafisa wa serikali kushiriki harambee. Mchango wa Soweto ulifuata miezi minne baadaye, na Machi 2025 akatoa Sh20 milioni kwa kanisa moja la Roysambu, hatua iliyozua maandamano.

Kurudisha fedha si jambo ambalo kila kanisa linaweza. Jimbo kuu lina shule, ardhi na wafadhili. Kanisa dogo la mabati, ambalo mchungaji wake hana mshahara ila sadaka ya Jumapili, lina paa linalovuja, na mbunge amepiga simu kusema atahudhuria ibada.