Jina, Daftari na Malipo: Haki ya Mtunzi Katika Enzi ya Akili Unde

Mjadala kuhusu malipo ya watunzi ambao kazi zao hutumiwa kufunza mitambo ya akili unde huendeshwa kana kwamba umezuka jana. Makala hii inashikilia kwamba swali lenyewe ni kongwe: mtunzi hutambuliwaje kazi yake inapohamia chombo kipya?

Watunzi wengi wa tenzi walikuwa na desturi ya kutaja majina yao katika beti za tamati. Jina hilo lilitosha mbele ya hadhira iliyomjua mtunzi. Nje ya hadhira hiyo, lilihitaji mtu wa kulitetea. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, zilihifadhiwa vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kumfafanulia mmishenari W. E. Taylor, mwaka 1940 zikachapishwa Johannesburg chini ya uhariri wa W. Hichens. Jina la Muyaka lilidumu. Waliozihifadhi hawakuwa na fungu katika sheria.

Sheria hiyo ilitegemea daftari tangu mwanzo. Sheria ya Uingereza ya 1710 ilidai kitabu kisajiliwe kwa Chama cha Wachapishaji wa London. Mkataba wa Berne, uliporekebishwa mwaka 1908, uliondoa sharti kama hilo. Kenya ilijiunga nao mwaka 1993. Kwa hiyo mtunzi wetu hulindwa pindi kazi yake inapoandikwa.

Hata hivyo, daftari limerejea. Mnamo Juni 2025 mahakama moja ya San Francisco iliamua kwamba kufunza mtambo kwa vitabu ni matumizi halali, ila si kuvipakua kutoka maktaba haramu. Kampuni ya Anthropic ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, yaani takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, kwa vitabu vipatavyo 500,000. Sharti mojawapo lilikuwa kitabu kiwe kimesajiliwa Marekani. Ni dhahiri kwamba riwaya iliyochapishwa Nairobi pasipo usajili huo haimo, hata kama ilipakuliwa vilevile.

Yafaa tuzingatie mambo mawili. Kwanza, malipo hayo yalitokana na wizi wa nakala, wala si mafunzo yenyewe. Pili, ulinzi usio na daftari haujawa malipo. Wahakiki na wachapishaji wa Kiswahili hawana budi kuorodhesha kazi, watunzi na warithi wao, wakiwemo wa fasihi simulizi. Asiyeorodheshwa hatahesabiwa siku ya kugawa.